Kidole Kwenye Shaba

Dada zangu wa Korogwe, niwieni radhi, nimenyamaza tangu arobaini ya mume wangu.

Leo nimemalizia kibao cha redio alichokiacha, chenye njia za shaba za kupitishia umeme alizozikata mwenyewe.

Nikazipaka bati la kulehemu lililoyeyuka, mtoto mgongoni.
Likashika kote, isipokuwa mahali pamoja.

Nikasogea mlangoni penye mwanga.
Ilikuwa alama ya kidole chake. Mafuta ya mkono wake yalikuwa bado pale, yakilizuia bati.

Mzee Hoza, mwenye redio, akasema, "Iache tu, Mama Salimu."

"Nikiiacha, redio haitasema, mzee."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Nikaisugua kwa majivu na ndimu. Bati likashika. Redio ikasema.

Nitumieni msasa laini, bati la kulehemu vipande viwili, na ile picha yake ya harusini. Huku hatuna.