Kelele Kabla ya Sabato

Kila ninaposikia harufu ya grisi, mkono wangu hutafuta kitasa cha mlango.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, baba akinirudisha shule ya bweni upande wa Homa Bay. Nilikaa kiti cha nyuma, kando ya mlango uliofunguka kutoka nje tu. Tulipotoka Migori gurudumu likaanza kulia, kra-kra-kra. Baba alipunguza mwendo, akalitazama jua. Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapozama, haikuwahi kumkuta barabarani; akiona amechelewa, angegeuza gari turudi nyumbani hadi Jumapili. Mimi pia nililitazama jua, nikiomba lizame upesi.

Huko Rongo fundi alipiga jeki, akalizungusha gurudumu huku ametega sikio.

"Mzee, ukikimbiza gari, hii kelele inanyamaza?"

"Inanyamaza kabisa."

"Basi si beringi. Beringi ikiharibika hainyamazi."

Akabandua kofia ya gurudumu. Kupitia dirishani nilimwona akiokota vijiwe vitatu nilivyovitia mwenyewe asubuhi. Akavitazama, kisha akanitazama mimi. Nikafumba macho, nikingoja kiboko.

"Ni kitu kidogo tu, mzee," alisema, akivitumbukiza mfukoni. "Nimepaka grisi. Sasa hailii tena."

Baba alimshukuru Mungu kwa sauti. Fundi akaja dirishani kwangu, akatabasamu kama mtu aliyeniokoa, akanipungia mkono wake mweusi wa grisi.

Gari likaenda kimya njia nzima. Tulifika getini jua lingali juu, na baba akashuka kunifungulia mlango.