Nguo za Njano za Safari ya Bustani

Wifi yake alimdhulumu, na hakuna haja ya kuuma maneno. Mwaka ambao ukoo ulikwenda kwa mara ya kwanza kwenye ile bustani kubwa ya michezo, yule mama fundi cherehani alikuwa na mimba changa. Alikuwa akitapika hata akinusa sabuni, lakini begi lake lilikuwa limefungwa tangu jana yake. Dada wa mumewe, ambaye watoto walimbatiza Mama Ratiba kwa kupenda kuwapangia watu siku zao, alisogeza saa ya kuondoka iwe mapema zaidi bila kumwambia. Gari liliondoka yeye akiwa bafuni, povu kichwani. Wanawe wawili wa kiume walipomuulizia mama yao, Mama Ratiba aliwajibu, "Kakataa mwenyewe. Anasema kelele zenu zinamchosha."

Watoto wakamwamini. Safari iliyofuata alikwenda, naam, lakini alikuwa na kichanga mgongoni, akakalishwa karibu na geti kulinda mikoba mpaka jua likapoa. Alipolalamika, mumewe alisema, "Yaishe, ni dada yangu huyo." Hayakuisha. Wanawe walikua wakijua kwamba mama yao hapendi kutoka nao, na ukubwani waliacha hata kumuuliza.

Miaka ikapita. Kichanga yule wa mgongoni akawa binti, akaolewa, naye akapata mimba. Ndipo Mama Ratiba akaja na tarehe ya safari nyingine. Ilikuwa wiki ile ile ambayo nesi alisema mtoto atazaliwa.

"Tusubiri likizo ijayo, wifi," fundi alimwambia kwa upole. "Mwenzetu naye atakuwa keshajifungua, keshapata nguvu."

"Bustani haina miguu na mimba haziishi katika ukoo huu," Mama Ratiba akacheka. "Tukingojea kila tumbo tutazeeka. Atabaki, kwani wewe hukubaki? Umekufa?"

Mama Ratiba akabwaga jora la kitambaa cha njano juu ya meza. Safari iliyopita mtoto mmoja alipotea kwenye umati, wakamtafuta mpaka sauti zikawakauka. Tangu hapo Mama Ratiba aliapa kwamba hakuna wa ukoo wake atakayekanyaga bustanini bila sare inayoonekana kutoka mbali. Na sare angeshona nani, kama si fundi wao?

Sasa, fundi huyu alikuwa na desturi yake. Hakati nguo ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, wala hajawahi kumwambia mteja arudi kesho. Siku hiyo alifunga mlango, akashika chaki na mkasi, akalikata jora lote. Mikono huku, migongo kule, kola zimelundikana kama maganda. Alipomaliza alikaa akavitazama vile vipande, akatabasamu peke yake. Alijua hakuna fundi mwenye akili zake atakayekubali kuunga nguo iliyokatwa na mwenzake.

Mama Ratiba alipokuja kuchukua, aliambiwa mkanda wa cherehani umekatika, arudi Jumamosi. Jumamosi vifungo havikufanana na kitambaa. Wiki iliyofuata fundi alisema kiuno kinamuuma.

"Wewe! Kiuno gani hicho kinachoanza leo?" Mama Ratiba alifoka. Binti alikuwa hapo hapo kwenye benchi, miguu juu ya kigoda, tumbo limemjaa mapajani. "Unafanya makusudi!"

"Makusudi kabisa, wifi yangu," fundi alijibu, huku akitunga uzi kwenye sindano. "Nguo zitakwisha mjukuu wangu akishakaza shingo."

"Una roho mbaya! Mbona zamani ulikataa kwenda na wala hatukukulazimisha?"

"Sikukataa. Mliniacha na povu kichwani, ukaenda kuwaambia wanangu siwataki."

Binti alishusha miguu, akamtazama shangazi yake. "Kweli, shangazi?"

Mama Ratiba akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Likizo ile ikapita watu wakiwa majumbani, na mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti ya mpiga debe.

Likizo iliyofuata walishuka garini wote, njano tupu, wakang'aa kama shamba la alizeti. Gauni la binti lilikuwa na mpasuo uliofichwa kwenye mikunjo ya kifuani, mtoto akilia ananyonya bila mama kuhangaika. Wajomba zake walimbeba mtoto wakigombea zamu. Fundi alikusanya mikoba yote, akaimwaga mapajani kwa wifi yake aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha getini akijipepea.

"Shika, wifi. Mimi nina safari."

Akamshika binti yake mkono, wakapanda gurudumu kubwa la kuzungusha watu angani. Walipofika juu, fundi alipiga kigelegele kilichowafanya watu wa chini wainue shingo. Aliposhuka, alipanda tena. Mara ya tatu alipanda na wanawe, mmoja kila upande, na yule mkubwa akamwambia, "Kumbe mama unapenda haya mambo!"

"Napenda mno," alisema. "Tangu zamani."

Siku hiyo fundi alimshinda wifi yake, na kila aliyekuwepo aliona. Lakini wanawe hawajamsikia shangazi yao akisema kwa mdomo wake, mbele yao, "Mama yenu hakuwakataa, mimi ndiye niliyemwacha." Maneno hayo Mama Ratiba bado anadaiwa, na hakuna mwingine anayeweza kuyasema kwa niaba yake.