Njia Niliyoiandika Migosi

Mdogo wangu aliniomba niandike Migosi, mtaa wangu, kwenye kadi yake ya kliniki, nami nikaandika. Ningeweza kumkatalia. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, wala hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa karani wa kadi katika kliniki ya kifua, kwenye hospitali kongwe ya mjini Kisumu ambako mama alituzaa sote wawili. Hospitali ilikuwa imeamua kwamba mgonjwa wa mtaa wa mabanda wa Nyalenda akikosa kuja kuchukua dawa atafuatwa mpaka mlangoni, sawa na yule mwenye geti na simu. Lakini nyumba za Nyalenda hazikuwa na namba, kwa hiyo badala ya anwani tuliandika njia: shuka kwenye kisiagi cha mahindi, pita kanisa la mabati, mlango wa kijani, uliza mama wa maandazi. Kazi hiyo niliiweza. Sista, muuguzi aliyezunguka mitaani kwa baiskeli, alizoea kuniambia, "Bwana Ramani, jana umenifikisha mpaka jikoni kwa watu. Nusura nichinjiwe kuku."

Bado nayakumbuka madirisha marefu ya kliniki ile, yote wazi ili upepo wa ziwa upite, na benchi moja ambalo mwalimu na mbeba mizigo waliketi bega kwa bega wakingoja zamu.

Asubuhi moja alikaa hapo mdogo wangu. Alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, akizifuata ufukweni Luanda Kotieno, na alikuwa amekonda hata akatoboa mshipi wake tundu jipya. Alipofika mezani akainama.

"Omera, ndugu yangu, usiandike Nyalenda."

"Si ndiko unakokaa?"

"Huyo sista akibisha kwangu na mkoba wake, kesho wapangaji wote wa ploti watasema nina chira."

Chira kwetu ni maradhi ya kukonda yanayosemwa humpata aliyevunja miiko ya ukoo. Omena za mtu wa chira hazina mnunuzi.

"Ni kifua kikuu tu," nikamwambia. "Kinatibika."

"Wewe unajua. Jirani zangu wamesomea wapi?" Akacheka, akakohoa. "Andika kwako Migosi. Una geti, hata chira itabisha kwanza."

Nikacheka, nikaandika. Nilijiambia kwamba nitamkumbusha dawa mwenyewe. Miezi miwili nilifanya hivyo. Kisha akapata nafuu, akawa anakaa Luanda Kotieno wiki nzima, nami nikaacha kuuliza.

Siku moja sista aliweka kadi mbele yangu. Hakujua ni ya nani kwangu, maana majina yetu hayafanani, wala hakujua ninakoishi.

"Bwana Ramani, leo umenipoteza. Hii nyumba ya Migosi ina geti limefungwa, na jirani wanasema hawamjui mtu huyu. Amekosa dawa mwezi mzima."

Hapo ningeweza kusema. Maneno mawili tu, kisiagi na mlango, na angemfikia jioni hiyohiyo. Lakini ningelazimika kukiri mbele ya wenzangu kwamba Bwana Ramani aliandika uongo.

"Labda amehama," nikasema.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe kwake Nyalenda, nikakuta kufuli. Sikurudi mpaka wiki mbili baadaye, nilipoitwa kubeba mwili wake.

Mlango wa pili kutoka kwake alikaa mama mmoja ambaye kadi yake niliiandika vizuri. Sista alimfuata mara nyingi, mkoba begani, mchana kweupe. Mama huyo alipona. Nilimwuliza kama majirani walimsema.

"Waseme nini, Baba?" akajibu. "Walikuwa wanamwita sista apite kwao pia awapime."

Siku hizi ninapokwenda pale kupimwa presha, kadi hazipo tena, karani anabonyeza kompyuta. Huniuliza ninakaa wapi, nami humweleza njia yote, mpaka rangi ya geti.

Hospitali ilikuwa tayari kumfuata mdogo wangu. Mimi ndiye niliyeificha njia. Alikufa kwa ugonjwa unaotibika, na sikuwa na ndugu mwingine.