Langi kwa L

Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asinitupie baadaye. Lakini kyondo, kikapu chetu cha mkonge, naijua kutoka kitako mpaka mdomo, na vidole vilipoanza kukakamaa niliona kazi hiyo itazikwa na mimi hapa Matinyani. Kina mama wa Kyuso waliniomba niende niwafundishe kusuka. Kyuso ni mbali na magoti yangu hayataki kusikia. Nikawaambia nitawaandikia kitabu cha kusomea kwa simu.

Laptop ilikuwa ya mjukuu wangu, ile yake kuukuu. Yeye huniita Susu, ndiyo nyanya kwetu, na kijiji kizima kimemfuata. Aliniwekea programu ya bure ya kuandikia, akanionyesha siku mbili, akarudi kazini kwake Makueni. Anafundisha kompyuta, huyo mtoto. Waulizeni majirani, nimeshawaambia wote.

Mimi nikifundisha siendi moja kwa moja. Tukiwa kwa mkanda wa kubebea nakumbuka langi, nakurudisha mahali tulichemsha magome. Kwa hivyo kitabu changu kilitakiwa kuruka vile ninavyoruka. Unaweka alama kwa ukurasa na kuipa jina. Halafu kule kwingine unachagua neno, unaliambia liende kwa alama hiyo. Msomaji akiligusa, linampeleka. Ni kama kuunga uzi wa mkonge, ncha lazima ipate ncha yake.

Mzee mmoja wa kanisa letu, mwalimu mstaafu, akaomba asahihishe. Nikampa laptop. Hilo kosa ni langu. Alipoirudisha Alhamisi nilitengeneza PDF, nikaijaribu kwa simu yeye akiwa ameketi hapo. Nikagusa mkonge, ikaruka. Nikagusa kitako, kikaruka. Nikagusa rangi. Kimya. Kila mahali palipoandikwa rangi, kimya. Na kina mama walikuwa wanakutana Jumamosi.

"Susu, hivi vya kubonyeza ni vya vijana," akasema. "Wacha nikichape kwa karatasi, niweke utangulizi wangu na jina langu hapo mbele. Litakisaidia."

"Litakisaidia kufika wapi?"

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilifungua zile alama moja moja mpaka nikaiona: langi. Niliiandika mwenyewe, vile ninavyosema, vile mama yangu alisema, maana sisi Wakamba hiyo r hatukuzaliwa nayo. Mwalimu alikuwa amesahihisha kila neno, akasahihisha hata pale neno linaambiwa liende. Lakini alama yenyewe hakuiona, kwa sababu imejificha. Sasa njia zote zilikuwa zinamtafuta rangi, na kwangu hakuna anayeitwa hivyo.

"Ni rangi, Susu. Na r."

"Soma alama."

"Hiyo ni spelling mbaya."

"Hiyo mbaya ndiyo inajua njia."

Akaniambia nibadilishe alama tu, ni mara moja, yatakuwa yameisha. Alisema kweli, na nilijua. Nilikataa. Nikarudi kwa kila rangi kitabuni nikaifanya langi, neno na njia yake, kidole kimoja, siku yote ya Ijumaa. Kisha nikatoa PDF kwa Export, si kwa Print, kwa sababu Print ya mashine yangu inakupa kurasa nzuri zenye njia zilizokufa.

Usiku huo nikawatumia kina mama. Jumamosi simu ikalia. Mmoja wao, kutoka Kyuso.

"Susu, nimegusa langi."

"Imekupeleka wapi?"

"Kwa sufuria ya magome. Na hapo chini imeniuliza kama nimeosha mkonge."

"Umeosha?"

Nikasikia beseni likiburutwa.

"Basi gusa mkonge, urudi."

Jina la mwalimu nimeliweka, mimi si mchoyo. Liko ukurasa wa mwisho, kwa shukrani. Ukiligusa, linakupeleka kwa langi.