Oili Mpya na Nguzo za Nyumba Yangu

Kila sifa njema namrudishia Mwenyezi Mungu, ambaye hufunga njia kwa hekima na kuifungua kwa rehema. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nimepewa umri wa kutosha kuyakumbuka mambo bila kuyaonea uchungu, nami nashukuru. Ninaloliandika hapa ni la siku chache tu nilizokaa chini ya gari, miaka ile ya kuhamia vijijini, mimi nikiwa Handeni na mama yangu akiwa Korogwe ya Zamani, mgonjwa.

Gari lilikuwa la spoti, la viti viwili, jekundu lililokwisha kupauka, tumbo lake karibu liguse ardhi na juu yake turubai badala ya paa. Mwenyewe alikuwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Mkumbara, nami nilikuwa fundi wa gereji ya shamba hilo. Lilikuwa limezeeka tangu yeye akiwa nalo. Mashamba yalipotaifishwa akafungasha vitu vyake, akaniita, akanipa funguo na karatasi za gari. Alisema mtu mwingine yeyote angeliua ndani ya mwezi mmoja.

Mama alitaka nikae Korogwe. Mke wangu alikuwa Mzigua wa Handeni, na wazazi wake walikuwa wameambiwa wahame mashambani kwao waende kwenye kijiji kipya. Nikasema nitakwenda kuwasaidia kujenga, kisha nirudi. Mama akasimama mlangoni akasema, "Ukienda huko hutarudi. Utaandikwa jina, basi." Akaendelea kusema mengine. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye usukani. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma mpaka kuku wakakimbia, nikaona midomo ya mama inachezacheza wala sisikii neno. Nilikanyaga makusudi. Hilo ndilo jambo nililolibeba tangu siku ile, kwa sababu niliondoka bila radhi yake.

Maneno yake yakawa kweli. Niliandikwa jina. Kutoka kijijini ilibidi upate barua ya mwenyekiti, na barua haikutoka kwa mtu ambaye nyumba yake haijakamilika. Nyumba yangu ilikuwa nguzo tupu zilizosimama juani. Miti ya kujengea ilikuwa haba, na mchwa wa pale walikuwa na bidii kutuzidi. Gari nililiweka juu ya magogo nyuma ya boma la baba mkwe, likakaa hivyo zaidi ya mwaka.

Watu walilicheka sana. Mwenyekiti, mtu mcheshi mwenye tumbo, alikuwa akipita na kuuliza, "Mkwe, hili gari linabeba nini?"

"Watu wawili, mwenyekiti."

"Gunia la mahindi?"

"Halienei."

"Basi huu ni ujamaa wa watu wawili!" Na wote waliokuwapo walikuwa wakicheka, mimi nikiwamo, kwa kuwa mkwe hana budi kucheka.

Siku moja ya Jumatano mwendesha baiskeli aliyetoka Korogwe akaniletea neno la dada yangu. Mama hali tena chakula. Ananiulizia. Fanya haraka.

Basi la Korogwe lilikuwa halitembei kwa kukosa matairi. Kwa miguu nisingefika, maana goti langu lilipondwa na kitoroli cha mkonge zamani na halikunyooka tena. Baiskeli vilevile sikuiweza. Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamwamkia, nikamweleza. Safari hii hakufanya mzaha. Aliandika barua: naondoka Jumamosi, narudi Jumatatu.

"Lakini gari likikataa kuwaka, usije kuniomba barua nyingine," alisema. "Wilayani wananiuliza kila mtu aliko. Tena ukumbuke, Jumapili saa nane mchana magari yote yanasimama, amri ya serikali ya kubana petroli. Ukikutwa njiani, usinitaje."

Gari lililolala mwaka huwezi kulitia ufunguo ukaondoka. Lilihitaji sevisi nzima, kuanzia oili mpaka breki. Alhamisi alfajiri, baada ya swala, nikachimba shimo refu lenye kina cha kifua, nikaliteremsha gari kutoka kwenye magogo na kulisukuma mpaka likasimama juu yake. Kwa gari fupi namna ile hakukuwa na njia nyingine ya kuingia chini. Ukishaingia, mwanga unabaki mstari mwembamba pembeni, na chuma kipo usoni pako. Nilijiona kama niliyejichimbia kaburi mwenyewe. Nikasoma dua niliyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, ya mtu aliyebanwa, nikashika spana.

Nilitoa plagi nikazisugua kwa mswaki wa waya. Pointi za kutolea cheche zilikuwa na kutu, nikazipiga msasa. Nafasi za tapeti, zile zinazosukuma vali, nilizipima kwa nyembe zilizopangwa pamoja, kwa sababu geji yangu ilibaki gereji. Kabureta zilikuwa mbili, zote zimeganda utando wa petroli ya zamani. Nilizifungua juu ya mkeka, nikapuliza kila kitundu kwa mdomo hadi kichwa kikazunguka. Chujio la oili nililiosha kwa mafuta ya taa. Grisi haikupatikana popote, basi mfugaji mmoja jirani yetu akanipa mafuta ya mkia wa kondoo, nikayapaka kwenye maungio ya springi. Mbwa wa kijiji kizima wakahamia kwenye gari langu kulilamba. Matairi niliyajaza kwa pampu ya baiskeli, na sitaeleza zaidi.

Breki zilitaka watu wawili. Mke wangu akaketi kwenye usukani, mimi shimoni nikilegeza nati ya kutolea hewa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo."

"Nimeshikilia, na uji unaungua."

"Achia. Kanyaga tena!"

"Mume wangu, huku juu kuna upepo mzuri kweli. Kumbe ndiyo maana hukutaka mtu aendeshe."

Nilicheka humo shimoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Ijumaa asubuhi ikabaki oili. Oili mpya nilikuwa nayo. Niliitunza tangu Mkumbara, debe moja lenye mfuniko, nikilificha kama watu wengine wanavyoficha sukari. Nilimwaga oili chafu kwenye karai, nyeusi kama lami, nikaijaza katika debe jingine. Kila mtu pale alijua thamani ya oili chafu. Ukiipaka nguzo kabla ya kukandika, mchwa haigusi. Baba mkwe alikuwa ameniomba tangu zamani kwamba siku nikimwaga nisiwanyime wenzangu. Kabla ya kwenda swala ya Ijumaa nilimpigia hodi, nikamwambia kwa adabu, macho chini, "Baba, oili iko pale kwenye gari. Wapeni watu."

Nilisema "oili" tu. Sikusema debe lipi. Kwangu mimi fundi, oili mpya na oili chafu ni vitu viwili vilivyo mbali kama maziwa na majivu. Kwa mkulima anayepigana na mchwa, oili ni oili.

Nilirudi kutoka msikitini nikakuta watu wamejaa kwenye kiwanja changu. Baba mkwe alikuwa ameitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Aliwaambia kwamba nasafiri kwenda kwa mama mgonjwa, basi nisiende na fikra za nyumba. Walikwisha kufunga fito upande mmoja. Na nguzo zangu zote, kuanzia pembe hadi pembe, zilikuwa ziking'aa jua likizipiga, rangi ya asali.

Rangi ya asali. Nikajua kabla sijaliona debe.

"Mkwe!" baba mkwe aliniita, mikono imelowa hadi viwikoni, uso umejaa furaha. "Ile nyeusi tumewagawia watu, kila kaya kidogo. Wewe tukakupakia hii safi. Hukai tena katika nyumba ya mchwa."

Watu wananitazama. Goti linaniuma. Debe limelala ubavu, kavu. Injini haina hata tone, na barua inaanza kesho.

Atakayesoma akiwa mgeni wa desturi zetu atauliza kwa nini sikupiga kelele. Mkwe hampandishii sauti baba mkwe. Hata kumtazama usoni kwa muda mrefu ni utovu wa adabu. Nami ningemwambia nini mzee aliyeacha kazi zake kwa ajili yangu? Nikasema, "Ahsante sana, baba. Mungu akulipe." Kisha nikaenda zangu nyuma ya boma, nikashuka ndani ya shimo, nikakaa. Sikuwa na kazi humo. Ilikuwa tu sehemu ambayo hapana mtu angeniona uso. Akilini nilimwona mama mlangoni kwake, midomo inachezacheza.

Mke wangu alinikuta huko. Aliinama, akachungulia.

"Ndiyo ile mpya?"

"Ndiyo."

"Umemwambia?"

"Nitamwambiaje?"

"Wewe ni mkwe," alisema. "Mimi ni mwanawe." Akaondoka.

Sikusikia alilomwambia baba yake. Niliona matokeo yake tu. Muda si mrefu mzee yule, ambaye hakuwa na tabia ya kwenda kwa mtu kuomba hata chumvi, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na debe tupu. Nilisikia sauti yake kwenye kila mlango. "Rudisheni ile nyeusi. Tumemfungia mkwe njia." Wengine walikuwa wameitia kwenye chupa, wengine kwenye vibuyu. Bibi mmoja alikwisha kumpaka ng'ombe wake ili kuua kupe, akataka kujua kama amlete ng'ombe.

Alasiri baba mkwe aliliweka debe ukingoni mwa shimo. Hakushuka, nami sikupanda.

"Imepungua kidogo," alisema. "Nyingine imekwisha kuingia kwenye miti."

"Inatosha, baba."

"Ina takataka."

"Nitaichuja, baba."

Akajifuta mikono kwa majani. Kisha akasema, "Mama yako ni mama yangu," akaenda.

Takataka zilikuwa nyingi kweli: mchanga, manyoya ya kuku, mbegu za kibuyu. Kuichuja kulihitaji kitambaa kizito cha pamba, na nguo wakati ule ilikuwa adimu. Nyumbani mwetu kitambaa cha namna hiyo kilikuwa kimoja. Ni marekani niliyoinunua nilipopata habari kwamba mama anadhoofika, nikaikunja na kuiweka chini ya sanduku. Sina haja ya kusema ilikuwa ya nini. Nilikuwa nimekwisha kuitia katika mfuko wa safari.

Nilisita. Nilimwambia mke wangu kwamba sanda si kitu cha kuchezea.

"Sanda ya mtu aliye hai ina kazi gani?" aliuliza. "Ukienda na oili utamkuta. Ukibaki na kitambaa utamzika kwa barua."

Nikaikata.

Oili chafu haina haraka. Ilipita kwenye marekani tone kwa tone, Jumamosi yote hadi magharibi, nami nimekaa pembeni nikihesabu tasbihi kwa kila tone hadi nikapoteza hesabu. Ilipokwisha niliirudia mara ya pili. Siku ya barua yangu ilipita nikiwa nimekaa. Subira niliyokuwa nikiwahubiria wenzangu ilinikalia kifuani kama jiwe.

Jumapili baada ya swala ya alfajiri niliimimina, nikachovya kijiti cha kupimia. Ilifika alama ya chini kabisa. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo wanaume walinisukuma. Mwenyekiti naye alisukuma, akihema, akisema, "Kumbe linabeba watu wawili, linasukumwa na kijiji!" Likawaka.

Sikulipa mwendo. Gari lililotengenezwa kukimbia nililiendesha kama anayebeba yai, sikio langu likiwa kwenye injini. Tapeti zilikuwa zikigonga. Sindano ya kipimo cha oili ilikuwa ikitetemeka karibu na sifuri. Kila mlima nilisema Bismillahi na kila mteremko nikasema Alhamdulillahi. Nilivuka mto saa nne za asubuhi, nikasimama mbele ya nyumba ya dada yangu, na gari nikaliacha linanguruma. Niliogopa kulizima. Bila betri na kwa oili ile sikuwa na hakika kwamba lingewaka tena, na Jumatatu nilitakiwa niwe nimerudi.

Mama alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipiga magoti kwa shida. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimelisikia tangu darajani." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ngurumo ya nje ilikuwa ikiimeza. "Siku ile ulilipigisha kelele nisisikike."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Lizime kwanza."

Nilitoka nje. Nikalitazama lile gari, nikafikiria barua, mwenyekiti, mke wangu, nguzo za rangi ya asali. Nikazungusha ufunguo. Likatikisika mara moja, likanyamaza.

Niliporudi, mama alishika vidole vyangu akavinusa. Akaniambia maneno ambayo siku ile sikutaka kuyasikia. Hayakuwa laana. Alikuwa amesema, "Nenda, ila utume salamu." Ni hayo tu. Ndiyo niliyoyafunika kwa injini. Kisha akanipa radhi yake, kwa kinywa chake, dada yangu akiwa shahidi. Nikamweleza na habari ya marekani, maana sikutaka kumficha. Alicheka hadi akakohoa.

Gari halikuwaka Jumatatu, wala baada ya hapo. Nilibaki Korogwe siku kumi na moja, nikimlisha uji na kumsomea, mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua. Sanda ilitoka kwa majirani. Mwenyekiti, Mungu amrehemu, aliponiona nimerudi juu ya lori la mbao, aliniuliza tu kama tumezika vizuri. Gari lilibaki uani kwa dada yangu hadi likaisha kwa kutu. Ile nyumba ya Handeni nimo ndani yake sasa, naandika. Udongo wa kuta tumeubadilisha mara nyingi. Nguzo ni zilezile.

Wewe uliyenisoma, Mwenyezi Mungu akuzunguke na watu watakaokukosea kwa kukupenda, akupe moyo wa kuwasamehe, na akulainishie kila kilichoganda katika njia yako. Akujaalie uwahi kusikia unaloambiwa na wazazi wako wakiwa hai, na kama wamekwisha kutangulia, akukutanishe nao mahali penye amani. Amina.