Nilivyofundisha silabasi ya kimataifa kwa rubisi ya mzee wangu, Karagwe

Wakuu, salaam kwenu mliomo humu.

Nimeona vijana wanabishana kwenye uzi mwingine kuhusu shule za international, nikaona nami niseme yangu. Sitii chumvi. Watu wa Bugene wamo humu, nikikosea watanisahihisha.

Ilikuwa miaka ya tisini. Karagwe ilijaa wageni: madaktari, mainjinia, watu wa misaada. Baadhi walikuja na familia, wakafungua kashule kadogo karibu na Bugene. Wanafunzi kumi na mmoja tu, wa miaka kumi na mbili hadi kumi na nne, wakisoma sekondari ya awali kwa silabasi ya ng'ambo.

Mimi ndiyo kwanza natoka chuo cha ualimu. Nikapewa sayansi.

Sasa ile silabasi ilikuwa faili nene kama tofali. Nikatafuta humo notisi za kuandika ubaoni, hakuna. Kila ukurasa mwanafunzi aulize, abashiri, ajaribu, arekodi. Mimi niliyesoma kwa kukariri tangu darasa la kwanza nikaona hawa wanacheza. Nikajaza ubao kama nilivyozoea.

Kulikuwa na binti wa daktari mmoja, Petra. Huyo hanyamazi. Kwa nini hivi, kwa nini vile. Nisipojua, namwambia ndiyo kanuni, aandike.

Mwezi wa pili mkuu wa shule akaniita. Tulimwita Mama Ruth, mama wa makamo, Mlutheri, mpole sana. Akaniambia mkaguzi anakuja kutoka nje, na asiporidhika na sayansi tutanyimwa kibali. Watoto watapelekwa shule za bweni nchini kwao, mbali na wazazi.

Hakunitisha. Alisema tu, "Mwalimu, usiwape majibu. Wape kitu cha kutafuta."

Mada ya muhula ule ilikuwa uchachushaji. Hamira na vifaa vilikuwa vinatoka Kampala, na lori likakwama kwenye tope ng'ambo ya Murongo, pale mpakani na Uganda. Mvua za huku mnazijua. Mkaguzi alibakiza siku tatu.

Ndipo nikamkumbuka mzee wangu kule Rugu. Pombe yetu ya ndizi, rubisi, hakuna aliyempita kuitengeneza.

Mama Ruth aliposikia neno pombe na neno watoto kwenye sentensi moja, alivua miwani kabisa. Nikamwahidi wataonja juisi mbichi tu. Akakubali, ila akapanda naye kwenye pikapu ili ahakikishe.

Watoto wakamsalimia mzee shikamoo kwa pamoja, akaitikia huku meno yote yako nje. Ndizi zilishaiva. Akaosha miguu, akaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, akaanza kuzikanyaga pamoja na nyasi.

Petra akavua viatu, akaomba naye aingie. Kwetu hiyo ni kazi ya wanaume. Mzee akafikiri kidogo, kisha akampa mkono.

Juisi ikatoka, wakaonja. Mama Ruth alirudia mara mbili.

Mzee alipoleta mtama uliokaangwa na kusagwa, Petra akauliza unatiwa kwa nini. Nikamtafsiria mzee kwa Kinyambo, huku natunga jibu la kitaalamu kichwani.

Mzee akasema, "Sijui. Baba yangu alitia, nami natia. Mwambie tujaribu bila mtama tuone."

Wakuu, mimi na cheti changu sikuwahi kulitamka neno "sijui" mbele ya darasa.

Tukarudi shuleni na juisi na mtama kidogo. Chupa tatu, kila moja ikavishwa puto mdomoni, maputo yaliyobaki kwenye birthday ya Petra. Moja yenye mtama karibu na jiko. Ya pili yenye mtama kwenye beseni la maji baridi. Ya tatu bila mtama, karibu na jiko.

Mkaguzi alipofika, mwanamume mrefu asiyecheka, puto la kwanza lilikuwa kama kichwa cha mtu. La pili limelala. La tatu limejaa kidogo.

Akanionyesha chupa ya tatu. "Hii haina mtama. Imechachuka vipi?"

Nikasema sijui. Nikawageukia watoto, nikawauliza tutajuaje.

Kijana mmoja akasema labda ni miguu ya babu. Darasa zima likacheka. Petra akasema kama kuna kitu hai ndani, tuichemshe juisi tuone kama puto litajaa.

Mkaguzi alikuwa aondoke mchana ule kwenda Bukoba. Akaahirisha safari, tukachemsha. Asubuhi alifika darasani kabla yangu, nikamkuta ameinamia chupa ya juisi iliyochemshwa. Puto linaning'inia kama soksi: Petra alibashiri sawa, kilichokuwa hai kimekufa motoni. Akanishika mkono, mara ya kwanza nikaona meno yake.

Kibali tulipata.

Jumapili nikaenda Rugu kumpa mzee habari. Nikakuta vibuyu vitatu vimepangwa ukutani, vimechorwa alama za mkaa, na jirani anazuiwa asiviguse. Mzee akaniambia cha katikati amepunguza mtama, nisiseme neno mpaka kesho.

Nilichojifunza ni kwamba mwalimu kukiri hajui hakumpunguzii heshima, mradi awe tayari kutafuta pamoja na wanafunzi.

Walimu mliomo humu, mmewahi kusema "sijui" darasani? Ikawaje? Na wanywaji wa rubisi, nani ameijaribu bila mtama? Uwanja wenu huo, nawasoma.