Deli Lisilokuwa na Samaki

Kwetu, mtu akishuka basi la Mwanza na deli, lile sanduku la barafu, humo mna samaki. Hakuna wa kuuliza. Ndiyo maana wifi yangu, dada wa mume wangu, hakungoja hata nivue viatu. Nilikuwa uani natafuta maji ya kunywa nikasikia kifuniko kinabanduliwa.

"Wifi, hawa sato wa chupa ni wa wapi?"

Zilikuwa chupa za dawa yangu, zimelazwa kwenye barafu. Mimi mwili wangu hautengenezi kingamwili, wale askari wa damu wanaopigana na magonjwa. Nimezaliwa hivyo, ila nimekuja kujua nikiwa na watoto wakubwa. Kabla ya hapo nilikuwa mama wa kichomi, mama wa masikio ya usaha, niliyekwishapimwa ukimwi kwa macho na kila mtu kisimani. Daktari wa Mwanza ndiye aliyenitambua. Dawa yenyewe ni kuazima kingamwili za wenzio: watu wanachangia damu, inachujwa, inatiwa kwenye chupa, nami natundikiwa kama dripu. Zikiisha mwilini natundikiwa tena. Nikikosa, kifua kinajaa. Siku hiyo nilikuwa nimeshachelewa, na kikohozi kilikuwa kimeanza. Nesi wa hospitali ya Bariadi, wanakonitundikia, alisema wodi imejaa, nikalale nyumbani nirudi asubuhi, barafu itahimili.

Wifi nikamjibu ukweli. Nikasema ni dawa, imetoka kwenye damu za watu wengi.

Alitoka nje akapiga mwano.

Mwano ni ule ukelele wa mwizi wa ng'ombe. Ukipigwa, hakuna anayebaki na jembe mkononi. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walifika na fimbo zao, wakalibeba deli mpaka uwanja wa ghala la pamba wanakoamulia mambo. Mimi nyuma yao nakohoa. Ntemi, mkuu wao, akaamuru chupa zitolewe kwenye barafu zipangwe juu ya mzani wa pamba.

"Kitu cha giza kikipigwa jua kinaisha nguvu," alisema.

Fimbo sikuziogopa. Niliogopa lile jua la saa nane, na bati la mzani lililokuwa linachoma.

"Baba, nakuomba zirudishe kwenye barafu. Mimi nihukumuni hata mpaka jioni."

"Mmesikia? Zinaogopa jua!"

"Ni dawa, baba. Hata maziwa yanaharibika juani."

"Mayu, wewe mama, damu hizi ni za nani? Mtaje hata mmoja."

"Siwajui. Ni watu waliojitolea."

"Huwajui, na damu zao unatembea nazo."

Wakacheka. Wifi akapaza sauti, "Kama ni dawa, anywe hapa tuone!"

"Hainywewi. Inaingia kwenye mshipa."

"Eee! Mumiani wa zamani walikuwa wanatoa, huyu wa kwetu anaingiza!" alidakia mtu nyuma.

Hapo walicheka mpaka wengine wakaegemea fimbo. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amekaa juu ya marobota ya pamba, anakuna kisigino. Alikuwa amenisindikiza mwenyewe Mwanza, akamsikia daktari kwa masikio yake. Nikamwita, "Baba watoto, si waambie!" Akakuna kisigino cha pili.

Nikampigia nesi simu, nikamkabidhi ntemi. Sauti ilisikika uwanja mzima.

"Hizo chupa ziko wapi sasa hivi?"

"Ziko juu ya mzani, tunazichunguza."

"Juani? Nani kaziweka juani? Nitajie jina lako nimpe mkuu wa wilaya."

Ntemi alinirudishia simu kama vile imemuunguza. Akasema kikao kimefungwa. Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa, alifunga tu, watu wakaondoka wakizungumzia bei ya pamba. Nilizirudisha chupa mwenyewe. Barafu ilikuwa imebaki maji, na maji yenyewe vuguvugu, ya kuogeshea mtoto.

Asubuhi nesi aliinua chupa dirishani, akaigeuza taratibu, akainua nyingine. Nilikuwa namtazama uso, sikuitazama chupa.

"Mama, siwezi kukutundikia hii."

Nyingine zilichelewa kupatikana. Kichomi hakikuchelewa. Nilitoka wodini nikiwa hai, ila pafu moja halikurudi kuwa pafu. Leo nikienda kisimani napumzika njiani kama bibi kizee, na bibi wenyewe wananipita.

Watu wanasema mapenzi ya Mungu. Mungu hakupiga mwano. Aliyepiga ni wifi yangu. Aliyepanga chupa juani ni ntemi, ambaye bado ni ntemi. Aliyejua na kunyamaza ni mume wangu, na huyo ndiye nisiyemsamehe, maana wale wawili hawakujua. Majina siandiki. Kijijini wanajulikana, na wao wanajijua.

Siku hizi deli halifiki nyumbani. Nikitoka Mwanza nashukia Bariadi, naenda moja kwa moja hospitali. Wodi ikijaa nalala kwenye benchi la barazani, deli chini ya miguu yangu. Kijijini wanasema nimepata bwana mjini. Waseme.

Juzi nimerudi nimeshatundikiwa, kifua chepesi, wifi kanikuta mlangoni, kanisalimia.

"Mwadila, wifi. Hukutuletea samaki?"

"Samaki wako Mwanza," nikamwambia. "Kapande basi."